Nataka kutoroka maduka na mikopo nikatembee Uhispania: inawezekana?

SWALI: Nina miaka 34, nafanya kazi ofisini Dar es Salaam. Mshahara ukiingia unakuwa umeshagawanywa kabla sijaushika: simu ya mkopo, kikoba, michango ya harusi, sare za kitchen party. Wenzangu wananunua na mimi nanunua, na sioni kinachobaki. Nimesoma kuhusu njia ya mahujaji ya Uhispania ambako watu hutembea mwezi mzima na begi moja. Nataka kwenda, hata kwa kukopa kidogo. Mimi ni Mwislamu. Je, inawezekana, itanigharimu kiasi gani, na nianzie wapi?

JIBU: Inawezekana, dada, ila si mwezi mzima na si kwa kukopa. Hayo mawili yanahusiana, na yote yanaanzia kwenye likizo yako na viza.

Njia unayoisema ni Camino de Santiago. Ile inayotembewa na wengi, Camino Francés, huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, inavuka milima ya Pyrenees na kuishia kwenye kanisa kuu la Santiago de Compostela, mjini ambako kwa mapokeo ya Wakatoliki amezikwa mtume Yakobo. Ni kilomita 780 hivi, na mtu wa kawaida huzimaliza kwa siku 31 hadi 35. Sheria ya kazi ya Tanzania inakupa likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka. Toa siku za ndege na treni, toa siku mbili za kupumzika ukirudi, na utaona kwamba safari yote haiingii labda mwajiri akuongezee siku bila malipo.

Kuna jambo la pili ambalo watu huligundua wakiwa wameshalipa ada ya viza. Kanuni ya Uhispania inataka mgeni awe na uwezo wa kuonyesha, kwa kila siku atakayokaa, fedha zisizopungua asilimia 10 ya kima cha chini cha mshahara wa mwezi wa nchi hiyo. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa euro 1,184, kwa hiyo ilikuwa euro 118.40 kwa siku. Kwa siku 35 hiyo ni zaidi ya euro 4,100. Kwa siku 18, ambazo ndizo nitakazokushauri, ni euro 2,131. Ukifika huko utaishi kwa euro 35 hadi 42 kwa siku, lakini ubalozi haupimi kwa maisha ya hujaji, unapima kwa kanuni. Ni kichekesho kidogo, kwamba ili uruhusiwe kwenda kuishi kwa kidogo inabidi kwanza uonyeshe kingi, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa kuhusu kukopa. Ofisa wa viza anasoma taarifa yako ya benki ya miezi mitatu au zaidi nyuma. Akiona mshahara unaingia na kuisha kila mwezi, kisha wiki mbili kabla ya maombi zinaingia milioni tano kwa mkupuo, anajua hizo ni za kuazima. Hilo ni moja ya mambo yanayofanya watu wanyimwe, na ada ya euro 90 hairudi. Mkopo wa kausha damu ni mbaya zaidi: riba yake inaendelea kutembea huku wewe unatembea, na utarudi kwenye kitu kilekile ulichokuwa unakikimbia kikiwa kimenenepa. Weka akiba kwa miezi kumi au kumi na miwili kwenye akaunti moja, kidogo kidogo kila mshahara unapotoka. Taarifa ya benki yenye salio linalopanda polepole inaaminika kuliko barua yoyote ya maelezo. Kikoba chako kikivunjwa ndani ya mwaka huo, mgao wake uingize benki siku hiyohiyo na utunze karatasi ya mgawanyo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uanzie León, mji ulio kwenye njia hiyohiyo. Kutoka León hadi Santiago ni kilomita 310 hivi, siku 14 hadi 16 za kutembea. Unashuka Madrid, unapanda treni ya kasi ya saa mbili na kitu, na kesho yake unaanza. Wengine watakuambia uanzie Sarria, kilomita 115 tu kutoka mwisho, kwa sababu cheti cha hujaji hutolewa kwa anayetembea kilomita 100 za mwisho. Usifanye hivyo kwa lengo ulilonalo. Kuanzia Sarria njia inageuka soko: vikundi vya shule, mabasi ya watalii, vibanda vya fulana na sumaku za friji, na makampuni yanayosafirisha begi lako kwa gari kwa euro 5 hadi 7 kwa siku ili utembee mikono mitupu. Mwaka 2024 karibu watu 500,000 walipokea cheti, na sehemu kubwa yao walianzia hapo. Ukifika Sarria ukiwa na siku tisa au kumi miguuni, kelele hizo hazikusumbui sana. Ukianzia hapo, umehama Kariakoo kwenda Kariakoo nyingine.

Epuka mwaka 2027 ukiweza. Sikukuu ya Yakobo, tarehe 25 Julai, itaangukia Jumapili, na mwaka wa namna hiyo huitwa Mwaka Mtakatifu; vitanda vinagombaniwa kupita kawaida. Miezi mizuri ni Mei na Septemba. Julai na Agosti kuna joto na umati.

Kwa nini njia hii inapunguza hamu ya kununua? Maduka yapo, tena karibu kila kijiji. Tofauti ni kwamba ukinunua kitu leo, kesho unakibeba kilomita 22, na mabega yanakujibu kabla ya saa nne asubuhi. Kanuni inayofuatwa ni begi lisizidi asilimia 10 ya uzito wako. Tuchukue una kilo 65. Begi lenyewe la lita 36 hadi 40, kilo 1.2. Mfuko mwepesi wa kulalia, gramu 700. Nguo, yaani seti mbili za kutembelea na moja ya kulalia pamoja na koti jepesi la joto, kilo 1.5. Poncho ya mvua inayofunika na begi, gramu 350. Kandambili au sandali za jioni, gramu 400. Sabuni, dawa na vya miguu, gramu 600. Simu, chaja na waya, gramu 400. Taulo nyepesi gramu 150, tochi ya kichwani gramu 80. Ongeza lita moja ya maji na umefika kilo 6.4. Hakuna nafasi ya kitu cha "huenda nikakihitaji". Wanaobeba kilo 10 au 11 utawatambua siku ya tatu, wanapanga foleni posta kutuma vitu Santiago. Katika mabweni mengi utakuta sanduku la vitu vilivyoachwa na wengine: soksi, dawa ya meno, kofia. Chukua unachohitaji, acha unachokibeba bure.

Lakini mtego wa kwanza uko hapahapa nyumbani, kabla hujaondoka. Mtu anayekimbia ununuzi huanza safari kwa ununuzi: begi la bei mbaya, saa ya kupima hatua, fimbo za kaboni, jaketi la mlimani. Ukiachia, vifaa vitakula nusu ya nauli. Nenda mitumba, Karume au Ilala. Mabegi na jaketi nyepesi za mvua za Ulaya zinakuja kwenye marobota hayohayo ya nguo. Kagua zipu zote, kagua mkanda wa kiunoni (huo ndio unaobeba uzito, usichukue begi lisilo nao), na mwagia jaketi maji kwa chupa uone kama yanateleza au yanazama. Usiazime mfuko wa kulalia wa Kilimanjaro kutoka Moshi. Ule ni wa baridi ya kugandisha, unafika kilo mbili, na kwenye bweni la Uhispania mwezi wa tisa utatoka jasho usiku kucha.

Kitu kimoja tu nunua kipya: viatu. Cha mtumba kimeshachukua umbo la mguu wa mwingine na soli yake imechoka ndani hata kama nje inang'aa. Chukua viatu vyepesi vya kukimbilia njia za vumbi, si buti nzito, na viwe vikubwa kwa nusu namba au namba nzima kwa sababu mguu huvimba ukitembea saa sita kila siku. Vivae angalau kilomita 100 kabla ya kusafiri. Anza Jumamosi kwa kilomita 10 bila mzigo, panda hadi 15, kisha 20 ukiwa na begi lililojaa, na mwisho tembea siku mbili mfululizo, kwa sababu siku ya pili ndiyo inayosema ukweli. Dar ni tambarare, na njia yako ina milima. Kipimo kizuri ni Lushoto hadi Mtae, siku tatu kwenye Usambara ukiwa na mwongozaji wa huko. Ukirudi kutoka Mtae ukasema imetosha, umeokoa nauli ya ndege, na pengine umepata ulichokuwa unakitafuta kwa sehemu ndogo ya gharama.

Kinachowarudisha watu nyumbani mapema mara nyingi ni malengelenge. Chanzo chake ni vitu vitatu vikikutana: joto, unyevu na msuguano. Paka vaselini vidoleni na kisiginoni asubuhi kabla ya soksi, vaa soksi za sufu laini au za nailoni (pamba inashika jasho), na kila baada ya kilomita nane au kumi vua viatu, kausha miguu, geuza soksi. Ukihisi sehemu inaanza kuwaka, simama palepale. Usijiambie utashughulikia kijiji kinachofuata. Kwa mwendo wa dakika 40 hizo lengelenge linakuwa limeshajaa. Bandika plasta pana ya kitambaa, isiwe na mkunjo. Likishajaa na linauma, toboa pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, kamua, acha ngozi ya juu ilipo, paka iodini, funika. Utaona watu wanapitisha uzi na kuuacha ndani ili maji yatoke. Usiige, uzi huo ni mlango wa vijidudu.

Mlima mgumu kwenye kipande chako si wa kupanda, ni wa kushuka. Baada ya kijiji cha Rabanal unapanda hadi msalaba wa chuma wa Cruz de Ferro, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kisha unashuka kwenye mawe hadi kijiji cha Molinaseca, karibu mita 900 chini, ndani ya siku moja. Magoti huisha hapo. Kaza kamba za viatu juu ya kifundo ili vidole visigonge mbele, kata kucha siku mbili kabla, na tumia fimbo. Ukiona goti limechoka, lala El Acebo, kijiji kilicho katikati ya mteremko, usimalizie. Kupanda O Cebreiro, siku mbili tatu baadaye, kunachosha mapafu tu. Padri wa kijiji hicho, Elías Valiña, ndiye aliyezunguka njia nzima miaka ya 1980 akichora mishale ya njano kwa rangi. Mpaka leo ndiyo unayoifuata, kwenye kuta, miti, hata mgongoni mwa alama za barabarani. Hutahitaji ramani. Huko juu asubuhi ya Septemba kuna ukungu na baridi ambayo mtu wa Pwani hajaizoea, na jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi, kwa hiyo tochi utaitumia kweli.

Kuhusu kulala. Mabweni ya mahujaji huitwa albergue. Ya manispaa na ya serikali ya jimbo la Galicia ni kama euro 8 hadi 12, ya binafsi euro 12 hadi 20. Ni vitanda vya deka, wanaume na wanawake chumba kimoja, taa huzimwa saa nne usiku na saa mbili asubuhi uwe umetoka. Hulali usiku wa pili mahali pamoja ila ukiwa mgonjwa. Kwa mwanamke wa Kiislamu hili lifikirie kabla hujafika. Bafu nyingi zina milango inayofungwa, lakini si zote; katika bweni la zamani uliza uone kwanza, na panga katika bajeti usiku mmoja kwa kila siku nne wa chumba chako mwenyewe, euro 30 hadi 50. Nguo ya kulalia iwe ya heshima ya kukutana na watu. Kunguni wapo, hata kwenye bweni safi: inua kona ya godoro, angalia mishono kama kuna vidoa vyeusi, na usiweke begi juu ya kitanda.

Ili ulale huko unahitaji hati ya hujaji, credencial, kijitabu cha euro chache utakachokinunua León. Kinagongwa muhuri kila unapolala. Katika kilomita 100 za mwisho hakikisha mihuri miwili kila siku. Ofisi ya mahujaji Santiago ndiyo hukagua na kutoa cheti bure. Hakuna anayeulizwa dini mlangoni. Cheti cha Kilatini ni cha aliyetembea kwa sababu za kidini au za kiroho. Ukisema umetembea kwa sababu nyingine unapewa cha makaribisho. Chagua kilicho kweli kwako. Ila ujue mapema, usije ukashtuka, kwamba ndani ya makanisa ya njia hii Yakobo huchorwa pia akiwa juu ya farasi mweupe akiwakanyaga Waislamu. Ni kumbukumbu ya vita vya zamani vya Uhispania. Kibla kutoka Galicia kiko mashariki, kusini kidogo. Kwa kuwa njia inaelekea magharibi, mara nyingi kitakuwa mgongoni mwako.

Chakula ndicho kazi. Nguruwe yuko kila mahali, hata asipoonekana: supu ya mboga ya Galicia hupikwa kwa mafuta yake, dengu huja na soseji. Neno la kujifunza ni "sin cerdo", na uliongeze "sin jamón", kwa maana wengine hawahesabu paja lililokaushwa kuwa ni nguruwe. Nyama ya halali vijijini huipati. Utaishi kwa kimanda cha viazi, jibini, mayai, samaki wa kopo, maharage na matunda. Mji wa Melide utakufurahisha: wanauza pweza wa kuchemsha, aliyekatwa vipande, mafuta ya zeituni na pilipili nyekundu juu, kwenye kisahani cha mbao. Mlo wa hujaji wa jioni, sahani tatu kwa euro 12 hadi 15, huja na mvinyo. Sema maji tu, wamezoea.

Hesabu yote, kwa siku 18 tangu kutua hadi kuondoka: ndege kutoka Dar weka dola 800 hadi 1,100, viza euro 90 pamoja na ada ya kituo cha maombi, bima ya safari yenye kinga ya angalau euro 30,000 (bila hiyo fomu haipokelewi) kama euro 40, treni euro 100 hivi kwenda na kurudi, na euro 700 za njiani. Matumizi halisi yanaishia chini ya euro 2,000. Zile za kuonyesha ubalozi ziwe bado zipo benki.

Kwenye maombi kuna tatizo moja la kipekee: mabweni ya manispaa hayapokei oda, na ubalozi unataka uthibitisho wa malazi. Weka oda katika mabweni ya binafsi na nyumba za wageni zinazoruhusu kughairi bila malipo, kwa mpangilio wa vituo vyako halisi, na ambatisha ratiba ya ukurasa mmoja: tarehe, kijiji, kilomita, mahali pa kulala. Barua ya mwajiri iseme likizo imeidhinishwa tarehe gani hadi gani na unarejea kazini lini. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Wewe peleka miezi mitatu kabla, kwa maana miadi hujaa.

Simu sasa. Simu ya mkopo imalizie kulipa kabla hujaondoka. Siku ukikosa kulipa inajifunga, na itajifunga ukiwa na tiketi ya treni na ramani humo ndani. Laini yako iache hewani kwa ajili ya ujumbe wa benki, data izime, pakua ramani ya njia mapema. Namba ya dharura ni 112. Magrupu ya michango usiyaage kwa tangazo refu. Lipa ulizokwisha kuahidi, mwambie mtu mmoja wa karibu akusemee, kisha nyamazisha.

Na usitangaze safari mtandaoni. Hilo si la unyenyekevu, ni la mfuko. Mtu akishajulikana amekwenda Ulaya, kiwango chake cha mchango kinapandishwa bila yeye kuulizwa, na kila shangazi anasubiri zawadi. Begi lako la kilo 6 halina nafasi ya zawadi, na Santiago mitaa yote inayozunguka kanisa kuu ni maduka yanayokusubiri ukiwa umechoka na una furaha. Waambie nyumbani kabla: sirudi na kitu. Watanung'unika siku mbili.

Ukichagua Septemba, miadi ya viza iombe mwezi Mei na nyaraka ziingie Juni. Kama kufika Mei simu haijaisha kulipwa au akaunti haijafikia kiasi cha kuonyesha, sogeza hadi Mei ya mwaka unaofuata, kama si 2027. Likizo itakuwa imejipanga upya na viatu vitakuwa vimeshazoea mguu.